Kisanduku cha Tatu

Ofisini walimwita Mistari, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kazi yake ilikuwa kuchora mifupa ya tovuti. Kabla ya rangi, kabla ya picha, kabla ya maneno matamu ya kuwavuta wateja, yeye alikaa na kuamua kitu gani kikae wapi: hapa menyu, hapa kitufe cha kuagiza, hapa picha ya duka. Picha yenyewe hakuiweka. Aliweka kisanduku cha kijivu chenye mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe, maana yake kuna kitu kitakuja kukaa hapa, subirini.

Aliyekuja nyuma yake kuivika mifupa hiyo nyama na nguo alikuwa mwenzake wa meza ya pili, na huyo aliitwa Rangi. Rangi alikuwa na mdomo usiojua likizo. "Wewe ni mchimba makaburi," alikuwa akimtania. "Unachimba mashimo ya mraba, halafu mimi ndiye ninayeleta watu."

Mistari alizoea kucheka. Kabla ya ile kazi ya dobi.

Mwenye kampuni ya udobi alikuwa mwanamume mnene, msafi kupita kiasi, ambaye wafanyakazi wake walimwita Kola kwa sababu hakuna shati lililotoka dukani kabla hajapitisha kidole gumba kwenye kola yake. Alikuja ofisini mwenyewe, akakataa kiti mpaka alipokipangusa, akaeleza anachotaka: watu waweze kuagiza nguo zao zichukuliwe nyumbani kwa simu, bei zionekane, na uwepo ukurasa wa historia. "Tulianza mimi na mke wangu," alisema. "Watu wanapenda kujua mtu alikotoka. Weka picha mbili, yangu na yake, na maneno machache."

"Walioanzisha ni nyinyi wawili tu?" Mistari aliuliza. Lilikuwa swali la kazi, analomuuliza kila mteja.

"Wawili tu."

Alijibu haraka kidogo kuliko ilivyohitajika, lakini wateja wana haraka zao, na Mistari hakulifikiria tena.

Siku chache baadaye alikwenda dobi kujionea kazi inavyokwenda, kwani huwezi kuchora njia ya mteja bila kuipita wewe mwenyewe. Duka lilikuwa refu kama behewa. Mbele kulikuwa na kaunta, katikati mashine na meza za pasi zilizotoa mvuke kama zinapumua, na nyuma kabisa chumba cha nguo zilizokwisha, zimetundikwa kwenye hanga ndani ya mifuko myeupe ya plastiki, safu baada ya safu. Feni ilipozunguka, nguo zilisogea taratibu, bega kwa bega, kama watu walio kwenye foleni na waliokwisha kukata tamaa ya kufika mbele. Mke wa Kola alimwonyesha kila kitu. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kucheka, mwenye alama ya pasi kwenye mkono.

"Zile za mwisho kule hazina wenyewe," alisema akionyesha safu ya nyuma. "Watu wanaleta, wanahama, wanakufa. Mume wangu hataki zigawiwe. Na huku nyuma haji peke yake, usinicheke. Anasema kuna baridi."

"Baridi, na joto lote hili?"

"Ndiyo nikwambie. Ni mdogo wake, marehemu, anayemfanya asiwe sawa na chumba hiki. Mimi shemeji yangu sikumwona, alikufa kabla sijaolewa. Lakini namwombea. Mtu aliyemfanya mume wangu awe na huzuni hivi, lazima alikuwa mtu mzuri."

Mbele, kwenye kiti cha karibu na kaunta, alikaa mama yake Kola, kikongwe mwembamba mwenye kikohozi kikavu, akibandika namba kwenye nguo zinazoingia. Mistari alimwamkia, na kwa kuwa alitaka maoni ya kila mtu, akamwonyesha kwenye simu mchoro wa kwanza wa ukurasa wa historia. Bibi aliisogeza simu, akaivuta, akaisogeza tena.

"Huyu ni nani?"

"Hapo atakaa mwanao, mama. Na hapa mkewe."

"Mbona mmewapiga mkasi?"

Mistari akaeleza kwamba ile mikato ni alama tu, kwamba picha bado. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama tena vile visanduku viwili. "Nitumie na mimi," akasema. "Hiyo linki yenu. Niangalie nikiwa nimetulia."

Mistari akamtumia. Angemnyimaje?

Komenti ya kwanza aliikuta asubuhi moja alipofungua kompyuta, kando ya ukurasa wa historia. Mtu anayeingia kwa linki bila kujiandikisha, mtambo humpa jina moja tu: Mgeni. Mgeni alikuwa ameandika: *Kisanduku kimoja kimepungua.*

Alidhani ni mke wa Kola. Akampigia. "Mimi?" mama yule alicheka. "Mimi hata kufungua sijafungua, nguo zimenijaa mpaka shingoni." Akampigia bibi. "Mwanangu, mimi uzi siuoni kwenye sindano, nitaandika nini?" Akampigia Kola, akamsomea yale maneno.

Upande wa pili wa simu mashine zilisikika zikizunguka.

"Ameandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mzee."

"Futa," alisema Kola, akakata.

Akafuta. Keshoye zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, mahali palipotengwa kwa picha ya mashine mpya: *Mashine zilikuja baadaye. Mwanzo lilikuwa beseni la bati, na kamba tuliifunga kwenye nondo za dirisha la jikoni. Mama alikuwa akiinama kupita.* Nyingine ilikuwa palepale pa mwanzo: *Kisanduku kimoja kimepungua.*

Mistari aliisoma ile ya beseni mara mbili. Neno lililomkaa kooni ni *tuliifunga*. Akamwita Rangi.

Rangi akaja na kikombe chake cha chai, akasoma, na kwa mara ya kwanza akakosa la kutania. "Mteja wako ana mtu anayemchezea," alisema hatimaye.

"Mtu gani? Mzee amesema walianza yeye na mkewe. Mkewe ameniambia kuna mdogo wake, amekufa zamani."

"Basi ni huyo."

"Usifanye mchezo na mambo hayo."

"Sifanyi mchezo," alisema Rangi, na Mistari alipomtazama aliona kweli hakuwa akifanya mchezo.

Mistari hakuwa mwoga, lakini pia hakuwa mtu wa kusema mambo hayo hayapo. Mama yake alipofariki, kwa majuma mengi alikuwa akimsikia akikohoa kwenye ukumbi wa nyumba. Kikohozi kilekile, cha kusafisha koo kabla ya kuita mtu. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye, alikuwa akinyanyua macho kutoka kwenye sahani wakati uleule. Hawakuambiana kitu. Baadaye kikakoma, na walipogundua kwamba kimekoma ndipo walipolia sawasawa. Kwa hiyo Mistari alipokuwa akibonyeza kufuta zile komenti za kisanduku, kila mara alihisi kama anamfungia mtu mlango usoni.

Kisha kikatokea kisanduku chenyewe.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alifungua ukurasa wa historia amalizie nafasi ya maneno, akaona visanduku vitatu. Cha tatu kilikuwa upande wa kushoto wa kile cha Kola, kipimo kilekile, kijivu kilekile, kimekatwa mikasi pembe kwa pembe kama alivyokata yeye. Vile viwili vya mwanzo vilikuwa vimesogezwa kidogo, kwa adabu, ili vyote vienee. Hata yeye asingekipanga vizuri zaidi.

"Rangi, umegusa kazi yangu?"

"Mimi na mifupa yako wapi na wapi?"

Alikifuta. Akaenda kunawa uso. Aliporudi kilikuwapo.

Sasa hapo Rangi alifanya jambo la maana. Alivuta kiti, akaingia kwenye mipangilio ya faili, akaonyesha kwa kidole. "Si jini, mama. Ni wewe. Linki uliyotuma umeiacha wazi, kila mwenye nayo anaweza kuchora, si kuangalia tu. Hapa. Bonyeza hapa, mlango umefungwa, kwisha habari yake."

Mistari akapeleka mshale kwenye kile kitufe. Hapakuhitaji ila kugusa tu. Akakaa hivyo, kidole hewani, akitazama kile kisanduku cha tatu kilivyosimama na wenzake kwa unyenyekevu, na roho yake ikakataa.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini? Mteja akija kuona?"

"Nimesema kesho."

Akakiondoa tena kisanduku ili mteja asikione, akaiacha linki wazi.

Kola alikuja mwenyewe siku hiyohiyo, alasiri jua likiwa bado juu, bila kuitwa. Alikuwa amevaa shati lenye kola iliyokunjamana. Aliketi bila kukipangusa kiti. Rangi alitafuta kisingizio akatoka.

"Bado anaandika?" Kola aliuliza.

Mistari hakuona sababu ya kudanganya. Akamwonyesha ile ya beseni, ambayo hakuwa ameifuta. Kola aliisoma akitembeza midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye kamba ya nondo za dirisha, akafumba macho.

"Mke wangu halijui hilo. Nyumba ile ilibomolewa kabla sijamjua." Akajifuta jasho. "Binti, wewe ni mtu wa mitambo. Niambie ukweli. Inawezekana mtu aliyekufa akaingia humo?"

"Mzee, mitambo haijui aliye hai na aliyekufa. Inajua linki tu."

Alisema hivyo kumtuliza. Akaona ameharibu zaidi.

"Namwota," alisema Kola. "Ananiletea koti la sufu. Anasema kaka, angalia kola. Naangalia, ni safi. Ananiambia angalia tena." Alinyoosha kola yake iliyokunjamana. "Alikuwa akiyajua makoti ya sufu kuliko mtu yeyote. Mimi nilikuwa nikiyaunguza."

"Alikufa kwa nini, mzee?"

Kola alimtazama kama aliyeulizwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Alifungua mdomo. Kisha akasimama. "Njooni kesho dukani na mchoro. Nataka familia nzima ione, tukubaliane, tumalize. Visanduku viwili."

Kesho yake walikwenda, Mistari na Rangi, na kompyuta na projekta. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo wateja hawakuwapo. Wafanyakazi walipewa ruhusa ya kwenda kula, mashine zikazimwa, na kwa mara ya kwanza Mistari akalisikia duka lile likiwa kimya: matone kwenye bati na mifuko ya plastiki ikisuguana chumba cha nyuma. Kola na mkewe walikaa kwenye meza ya pasi. Bibi alikaa kwenye kiti chake, akikohoa, shali mabegani. Picha ilitupwa ukutani, pale palipokuwa peupe.

Mistari akawapitisha. Mteja akifika anaona hiki, akibonyeza hapa anakwenda kule, nguo zikiwa tayari anapata ujumbe. Mke wa Kola aliuliza maswali mazuri. Kola aliitikia kwa kichwa. Kila kitu kilikwenda kama maji ya mteremko mpaka walipofika kwenye ukurasa wa historia. Visanduku viwili, kama walivyoagizwa.

"Hapo sawa," alisema Kola upesi. "Endelea."

Lakini Rangi alikuwa amemshika Mistari mkono. Pembeni ya picha ile, ukutani, kilikuwa kimeingia kishale kidogo, na chini yake neno: Mgeni.

Mistari aliwahesabu watu kwa macho. Kola, mikono mitupu. Mkewe, mikono mitupu. Bibi, mikono kwenye shali, simu imelala kaunta, imezimika. Rangi, ubavuni mwake. Hakuna aliyekuwa akigusa kitu.

Kishale kilizunguka taratibu juu ya ukurasa kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyoiacha siku nyingi. Kilipita kwenye kichwa cha habari. Kilipita kwenye kisanduku cha mke, kikatua kidogo, kikaondoka. Kilifika kwenye kile cha Kola, kikasimama hapo muda mrefu.

"Nani anafanya hivyo?" aliuliza mke wa Kola. "Si wewe, binti?"

"Si mimi, mama."

Kisha kishale kikasogea kushoto, kikavuta mstari, kikavuta mwingine, na mbele ya macho yao wote kisanduku kikatokea ukutani. Mikasi miwili, pembe kwa pembe. Chini yake, herufi moja moja, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja, yakaandikwa maneno: *Mdogo wake.*

Kola alitoa sauti ambayo Mistari hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga meza ya pasi. "Zima," alisema. "Zima! Ameshakufa huyo, ameshakufa, zima!"

"Iache," alisema bibi.

Hakupandisha sauti. Wote waligeuka.

"Iache, mwanangu. Ni mwanangu huyo. Nilimpa ile linki mimi."

Mke wa Kola aliweka mkono kifuani. "Mama, unasemaje? Shemeji si alikufa?"

"Muulize aliyemzika."

Kola alikuwa akitazama ukuta. Bibi akakohoa, akangoja kikohozi kiishe, na ndipo akamweleza mkwewe yote, polepole, kana kwamba Kola hayupo chumbani. Ndugu hawa wawili walianza kazi pamoja, kwa beseni moja. Baba yao aliugua, akalazwa. Kola akiwa safarini kutafuta mashine, mzee aliomba arudishwe kwake. Aliomba kwa machozi, hakutaka kufia kwenye korido ya watu. Mdogo akamrudisha. Mzee akafa akiwa nyumbani kwake, kwenye mto wake. Kola aliporudi alikuta kaburi, akamshika mdogo wake shingoni mbele ya watu, akamwambia umemuua baba, na wewe kwangu umekufa leo.

"Nilimwambia kwamba baba yake aliomba mwenyewe," alisema bibi. "Nilikuwapo. Hakutaka kusikia. Mwenzake akachukua nguo zake akaondoka. Watu wakauliza, mdogo wako yuko wapi? Akasema amekufa. Mara ya kwanza alisema kwa hasira. Mara ya pili ilikuwa rahisi. Mwisho watu wanaleta rambirambi, naye anapokea. Na yule kule nikimwambia rudi, ananiambia mama, maiti inarudi vipi?"

"Na wewe ukanyamaza," alisema mke wa Kola.

"Nilikuwa na watoto wawili. Mmoja aliniambia usiseme niko hai, mwingine aliniambia usiseme hakufa. Ningeongea na nani?"

Mke wa Kola alimgeukia mumewe. Uso wake wa ucheshi ulikuwa umekauka kabisa. "Nimemwombea mtu huyu kila siku tangu uliponioa," alisema. "Nilikuwa nikilia, na wewe unanishika bega." Alishuka kutoka mezani, akaenda chumba cha nyuma, na wakasikia mifuko ya plastiki ikisukumwa huku na huku.

Kishale kilikuwa bado kimesimama ukutani. Bibi alielekeza kidevu chake. "Mjibu. Anangoja."

Kola alisogea kwenye kompyuta kama anayesogelea moto. Vidole vyake vinene vilikosa herufi, vikafuta, vikarudia. Mwishowe aliandika neno moja: *Upo?*

Hakuna kilichotokea kwa muda. Mvua ikaongezeka juu ya bati. Kisha herufi zikaanza kuja.

*Nipo.*

Na baada ya kitambo: *Mama anakohoa vibaya, namsikia kwenye simu. Mpeleke hospitali. Na akisema arudi kwake, umsikilize.*

Kola alilia kama mtoto, kichwa juu ya kibodi, na ukutani zikajaa herufi zisizo na maana, mstari kwa mstari, mpaka Rangi alipomnyanyua kwa upole. Walipotazama tena, kishale hakikuwapo.

Watu wanaweza kudhani mambo yaliishia hapo, ndugu wakakumbatiana, ikapigwa picha. Hayakuwa hivyo. Bibi alipelekwa hospitali, akalazwa kwa mapafu. Mgeni aliandika mara moja tu baada ya hapo: picha hatatuma, na kisanduku kiachwe kama kilivyo. Rangi alipinga kwa nguvu zake zote, akisema ni aibu kwa ofisi kutoa tovuti iliyokamilika yenye shimo la kijivu katikati, watu watadhani wamesahau kazi. Kola alisema liachwe. Basi tovuti ikafunguliwa hivyo: Kola anatabasamu, mkewe hatabasamu, na kushoto kwao kisanduku kitupu, na chini yake, *Mdogo wake*.

Hapo ndipo Kola alipojua uzito wa alichokuwa amekifanya. Kumuua mtu kwa mdomo kulimchukua neno moja, kumfufua kulimshinda. Wateja wa zamani walikuja na simu zao mkononi. "Huyu ndiye yule marehemu? Mmefanya vizuri kumkumbuka." Kola akasema hapana, yuko hai, nilisema uongo. Wakamtazama, wakatazamana, wakamwambia pole sana, mzee, kwa sauti ya chini. Bibi mmoja aliyekuwa amewahi kumletea rambirambi alichukua mashuka yake hata kabla hayajapigwa pasi. Ikaenea kwamba mwenye dobi amerukwa na akili, anaongea na ndugu yake aliyekufa kwenye kompyuta. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kumhurumia.

Mistari kwa upande wake angepaswa kulifunga lile faili. Kazi ilikwisha, mteja aliridhika, ndio utaratibu. Hakulifunga. Alasiri nyingine, akiwa kwenye kazi ya mtu mwingine, alilifungua tu atazame, na mara kadhaa alikikuta kile kishale kimesimama juu ya kisanduku cha tatu, hakisogei, hakiandiki. Hakumwambia mtu. Alikuwa akikaa nacho kidogo, kisha anatoka bila kugusa kitu, kama unavyotoka kwenye chumba cha mgonjwa aliyelala.

Ndipo siku moja mke wa Kola akaja ofisini. Alikuwa amekonda. Alikataa chai.

"Nimekuja kwa jambo la kijinga," alisema. "Yale maombi yangu. Sijui niyafanye nini. Nilimzoea akiwa marehemu, nilikuwa najua cha kumwombea. Sasa sijui. Nikaona bora nimwandikie mwenyewe."

Mistari akafungua faili. Kishale kilikuwapo. Mke wa Kola alikiona, akashika ukingo wa meza, kisha akaketi, akaandika kwa umakini, akirudia kila neno kwa sauti ndogo: *Shemeji, mimi ni mke wa kaka yako. Hatujaonana.*

Rangi alikuwa ameacha kazi yake. Wote watatu walingoja.

*Najua,* kikaandika kishale. *Mama ameniambia unapiga pasi kuliko kaka.*

Mama yule alicheka, kicheko chake kilekile cha zamani, akafunika mdomo. Akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu kicheko kikamtoka usoni taratibu, akamgeukia Mistari.

"Yuko wapi? Hapa haionyeshi yuko wapi?"

"Haionyeshi, mama. Inasema Mgeni tu."

"Mume wangu hajasikia sauti yake. Kila akipiga namba aliyopewa na mama haipokelewi. Mimi sijawahi kuisikia. Aliyewahi kuisikia ni mama peke yake, na mama kule hospitali siku hizi anatuita majina ya watu wengine." Alikitazama tena kile kishale kilichotulia. "Sasa nitajuaje kama ni yeye?"

Mistari alitafuta jibu, na kwa kuwa mama huyu alikuwa ameshadanganywa vya kutosha, hakulitunga.

"Sijui, mama," alisema.

Nje watu walikuwa wakipita wakizungumza, na mahali fulani mlango wa chuma ukateremshwa. Mke wa Kola akavuta kiti karibu zaidi na meza, akaweka vidole vyake kwenye herufi, akaendelea kuandika.